Araukaria yangu ya Kunduchi inakauka, na baba watoto anataka kuikata kichwa

Mama Shani, Kunduchi

Habari za jioni wadau. Naombeni ushauri kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku aliyoambiwa kijana aje na panga.

Getini kwangu nina araukaria, ule mti ambao wauza maua wanauita mti wa Krismasi, wenye shina moja lililonyooka na matawi yanayotoka tabaka kwa tabaka kulizunguka. Siuzungumzii mkrismasi wa maua mekundu wa barabarani, tusije tukapotezana. Niliununua kando ya barabara ya Bagamoyo wakati tunamalizia nyumba, uko kwenye kiroba, unanifika gotini. Leo umelipita paa. Wageni wakija wanapigia picha pale. Mama mkwe wangu, ambaye tangu niolewe hajasifia hata wali wangu, alishuka kwenye bajaji akasimama, akasema "mti huu mzuri". Kwa hiyo mnaelewa uzito wa jambo.

Shida ilianza kiangazi, Januari hivi. Matawi ya chini yalianza kufifia kwenye ncha, yakawa ya kahawia, kisha tawi zima likakauka mpaka shinani na kuanza kupukutika. Nikajua ni kiu, nikaagiza umwagiliwe zaidi. Masika ilipokuja ukatulia, nikafurahi. Sasa kipupwe kimeisha na mambo yamerudi palepale, na safari hii tabaka la pili kutoka chini nalo limeguswa. Juu bado uko kijani kabisa na unaendelea kurefuka.

Ushauri niliopewa mpaka sasa ndio huu. Kijana anayetufyekea ukoka anasema niuwekee urea. Muuza maua anasema huo ni mti wa nchi za baridi, hauliwezi joto la Dar, ninunue wa aina nyingine (kwake, bila shaka). Baba Shani matawi ya chini hayamsumbui, anachokiona yeye ni kilele kinachokaribia waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo kuja nyumbani. Amri yake ni ukatwe juu. "Utachipua tu, mti gani usiochipua?"

Naomba kujua: kinachoukausha ni nini, hayo matawi yatarudi, na je, ukikatwa kichwa utachipua kweli? Mimi moyo wangu umekataa, lakini moyo si hoja mbele ya baba Shani.

Chuma Ulete

Dada yangu, mti usio na tunda wala kivuli unaulipia maji ya nini? Ng'oa, panda mwembe dodo. Kijana akija Jumamosi asirudi bure.

Mama Shani, Kunduchi

Maembe ya jirani yanaangukia kwangu, kaka. Yananitosha.

Mtu wa Mlalo

Pole sana dada. Mimi kwetu ni Lushoto, nimekulia katikati ya saipresi na paini. Hapo nahisi ni vidukari. Kuna vidukari wa saipresi walioingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1980, wakakausha miti mingi mno, Kenya na Malawi vilevile. Saipresi ikishashikwa unaiona inakuwa ya kahawia kuanzia ndani, matawi yananata kwa utomvu mtamu, sisimizi wanapanda na kushuka, halafu yanaota ukungu mweusi unaofanana na masizi. Angalia chini ya matawi. Ukiwakuta, changanya sabuni ya maji kwenye bomba la kupulizia, upulizie mti mzima jioni. Sisi nyumbani ndivyo tulivyookoa fensi ya saipresi.

Mzee Kitalu, Boko

Hapana, hapana. Sabuni isiusogelee mti huo. Ndugu yangu wa Mlalo, habari za vidukari umezisema sawasawa, lakini hao ni wa saipresi na jamaa zake wa karibu. Araukaria ni ukoo mwingine, zinachofanana ni kuzaa koni na kutopukutisha majani.

Mama Shani, kabla sijaropoka kama wenzangu, nijibu haya. Matawi yaliyokauka yako pande zote za mti au upande mmoja? Upande huo pana nini jirani? Maji ya kumwagilia ni ya DAWASA au ya kisima? Na pale shinani pana nini, udongo wazi, kokoto au pevingi? Nenda ukatazame, usinijibu kwa kukumbuka.

Na yule kijana mpigie simu, mwambie Jumamosi apumzike.

Mama Shani, Kunduchi

Shikamoo mzee wangu. Nimetoka nje na tochi ya simu, majirani watanidhania mwanga.

Kumbe ni upande mmoja! Upande wa nyumba ndio uliokauka. Wa barabarani uko salama, labda ncha mbili tatu tu. Na upande wa nyumba ndipo lilipo karo la kufulia. Dada wa kazi akimaliza kufua anayamwaga maji pale mtini, mama mkwe ndiye aliyeagiza hivyo ili maji yasipotee bure. Anayarusha kwa beseni akiwa amesimama palepale karoni. Na tunafua karibu kila siku kwa kuwa nina mtoto mchanga.

Maji ya kumwagilia ni ya kisima. Ya DAWASA tunayahifadhi kwenye simtanki kwa kupikia na kunywa. Ya kisima yana chumvichumvi, ukioga nayo sabuni haitoi povu.

Shinani pana kokoto nyeupe, zile za urembo. Chini yake ni kifusi, mafundi walisawazishia pale mabaki ya ujenzi. Wadudu sijaona, wala hakunati.

Mzee Kitalu, Boko

Marahaba mwanangu. Basi mti wako hauumwi joto. Unaumwa sabuni, na kisima kinaisaidia.

Nianze na muuza maua, maana maneno yake yamefukuza watu wengi kwenye mti huu. Asili yake ni Norfolk, kisiwa kidogo cha bahari ya Pasifiki kilicho chini ya utawala wa Australia. Nahodha James Cook alipofika huko mwaka 1774 aliiona imenyooka, akadhani amepata milingoti ya meli za Uingereza. Mbao zake hazikufaa kwa kazi hiyo, lakini mti ukasambaa duniani kwa uzuri wake, na mpaka leo ndio uliokaa katikati ya bendera ya kisiwa hicho. Kwao unasimama juu ya majabali na kupigwa na upepo wa bahari mchana na usiku. Huo ni mti wa pwani, mwanangu. Hauijui theluji. Joto kama letu la Februari kwao halipo, hilo nalikubali, lakini unalimudu mradi mizizi isikauke. Ingia Upanga au Oysterbay, chungulia nyua za nyumba za zamani, utaukuta.

Sasa sabuni. Australia kuna mji wa Sydney, na fukwe zake zimepandwa araukaria hizi, ufukwe wa Manly unasifika nazo. Katika miaka ya 1960 na 1970 miti ile ilianza kukauka, na ilikauka upande unaotazama bahari. Watu wakailaumu chumvi. Lakini chumvi ilikuwepo tangu siku ilipopandwa na ilikuwa ikiivumilia. Kilichozidi ni maji taka ya mji, yaliyokuwa yakimwagwa baharini yakiwa na sabuni za kisasa ndani yake. Mawimbi yakipasuka yanarusha matone madogo, upepo unayabeba, yanatua majani. Jani la araukaria limefunikwa na nta, na nta hiyo ndiyo inayozuia chumvi isiingie. Sabuni inaiondoa kama inavyoondoa mafuta kwenye sufuria. Nta ikishatoka, chumvi ileile iliyokuwa haina madhara inapenya ndani ya jani na kuliua.

Sasa tazama kwako. Beseni la povu linarushwa kwenye matawi ya chini, upande wa karo, karibu kila siku. Halafu jioni unaleta maji ya kisima yenye chumvi, na kama unamwagilia kwa mpira unayalowanisha matawi yaleyale. Upande wa barabara haufikiwi na beseni, ndiyo maana umesalimika. Masika ilikupa nafuu kwa sababu mvua iliyaosha majani na kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Mvua ilipokatika, chumvi ikaanza kupanda tena. Kama nepi za mtoto mnazifulia na dawa ya kung'arisha nguo, basi hiyo nayo ilikuwa inakwenda mlemle.

Kwa hiyo kazi ya kesho asubuhi ni kuyahamisha maji ya kufulia. Chimba mfereji mdogo yaende mbali na shina, nje ya eneo ambalo kivuli cha matawi kinafika saa sita mchana, maana mizizi midogo inayonywa maji hufika huko na kupita. Namna ya kumweleza mama mkwe utaijua mwenyewe, mimi sipo.

Kisha toa zile kokoto. Nyeupe zinapendeza, lakini zinaficha chumvi. Udongo ukiwa wazi na maji yakiwa mabaya, unaona utando mweupe juu yake baada ya siku chache za jua, na mwenye bustani anashtuka mapema. Ukitaka kukipima kisima chako bila kumlipa mtu, mimina maji yake kwenye sahani nyeusi, iache juani mpaka yakauke, halafu fanya hivyohivyo na ya DAWASA kwenye sahani nyingine. Utajionea.

Kifusi ndicho kinachonikera kuliko vyote. Karibu kila nyumba mpya ninayoitwa kuitengenezea bustani, fundi amemaliza kujenga akafukia matofali yaliyovunjika, saruji iliyoganda, chokaa na mifuko, akatandaza inchi mbili za udongo mwekundu juu, akaondoka na hela. Kunduchi yenyewe ardhi yake ina mawe ya chokaa, si mnaona hapo Wazo Hill wanakochimba ya kutengenezea saruji. Ukiongezea saruji ya fundi, mizizi haipati madini ya chuma na majani mapya yanatoka ya manjanomanjano. Fukua kwa mkono au kwa kijiko cha bustani, polepole, usitumie jembe wala sururu. Kila kipande cha zege unachoweza kukitoa bila kukata mzizi, kitoe. Rudishia udongo mzuri uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, ile isiyotoa harufu tena. Juu tandaza majani makavu, lakini yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja.

Kumwagilia: usiupe kidogokidogo kila jioni. Unyevu unaishia juu, chumvi inabaki palepale. Mara moja au mbili kwa wiki mimina maji mengi yazame, na kwa kipindi hiki chukua ya DAWASA hata kama roho inauma. Vuli inakaribia, weka pipa chini ya paa ukinge mvua, hayo ndiyo maji bora kuliko yote. Majani nayo yaoshe kwa maji safi, asubuhi, upande wa karo.

Urea usiweke. Mizizi iliyoelemewa na chumvi ukiipa mbolea ya dukani unaizidishia mzigo. Ngoja uone machipukizi mapya yenye afya, na hata hapo samadi inatosha.

Matawi yaliyokauka hayatarudi, nisikudanganye. Araukaria ya Norfolk ikipoteza tawi la chini imelipoteza. Yakate karibu na shina kwa msumeno mdogo, ukiacha ule uvimbe ulioko tawi linapoungana na shina, maana hapo ndipo jeraha linapojifunga. Yenye kijani hata nusu yaache, bado yanaulisha mti.

Kuhusu kichwa, nitarudi baada ya swala.

Mzee Kitalu, Boko

Nimerudi. Baba Shani anauliza mti gani usiochipua. Utachipua, hapo hajakosea. Tatizo ni namna unavyochipua.

Mti huu una kilele kimoja, na hicho ndicho kinachojua kwenda juu. Matawi ya pembeni yanajua kwenda pembeni tu, hata ukiyapa miaka. Ukikata kilele, hakuna tawi litakaloinuka kushika nafasi yake. Vinachomoza vichipukizi kwenye shina chini ya jeraha, mara viwili, mara vitatu, vinagombania ukubwa, na kila kimoja kinaanza kujijengea mti wake. Baada ya miaka michache una shina nene lenye uma juu, na pale zinapoungana ndipo upepo wa kusi unapopasulia. Halafu vinaufikia waya uleule. Umeharibu umbo na waya hujauponya.

Kwa sababu hiyohiyo mjihadhari na miche ya vipandikizi. Ukikata tawi la pembeni ukalipanda, likishika mizizi litatambaa kwenda upande wake maisha yake yote. Mche ulionyooka unatokana na mbegu, au na kilele chenyewe. Kitaluni ukiona mche umelala upande na muuzaji anasema "utanyooka ukikua", tabasamu uondoke.

Lakini nami nimpe baba Shani haki yake. Mti huu kwao unapita meta 50. Hapa hautafika huko upesi, ila karibu na nyumba na chini ya waya si mahali pake. Aliyekuuzia alipaswa kukuambia. Kwa hiyo mnaamua: ama waya usogee, ama mti uondoke wote kwa heshima. Kuukata katikati ni kubaki na hasara zote mbili.

Fundi Umeme Tegeta

Niingie hapo kwenye waya. Dada, asipande mtu mwenye panga karibu na waya ule, hata kama anasema ameshafanya kazi hiyo mara nyingi. Panga ni chuma, tawi bichi lina maji, na ganda la waya likishachunika kwa jua huwezi kuliona ukiwa chini. Matawi yakiwa yamekaribia nyaya, toeni taarifa TANESCO, wao ndio wanaojua kuzima na kukata. Na kama huo ni waya wa kuingia kwako tu, unaweza kuomba uhamishiwe upande mwingine wa nyumba. Utalipia, ndiyo, lakini mtaongea na mkandarasi wenu kuhusu njia fupi. Piga picha kutoka nguzo mpaka kwenye mita, ionekane mti uko wapi, ukiwafuata wanakuelewa haraka.

Bi Mwanaidi, Kigamboni

Mzee, mie wangu uko Mjimwema, mrefu, mwembamba, hauna ubavu mpana kama wa picha ninazoziona. Tena umeinama. Mume wangu anasema ni upepo wa bahari. Niuegemeze na nguzo?

Mzee Kitalu, Boko

Bi Mwanaidi, umeinamia wapi? Simama uani asubuhi jua likichomoza, jua likiwa mkono wako wa kulia unatazama kaskazini. Kama umeinama mbele yako, basi si upepo.

Bi Mwanaidi, Kigamboni

Mbele yangu. Na bahari iko kulia.

Mzee Kitalu, Boko

Nilijua. Huo wa kwako si wa Norfolk, ni ndugu yake anayetoka Kaledonia Mpya, unaitwa araukaria ya Cook, kwa jina la nahodha yuleyule. Vitaluni inauzwa kwa jina moja na wengi hawazitofautishi zikiwa changa. Ya Cook inakuwa nyembamba kwa sababu inaangusha matawi yake marefu na kuotesha mafupi shinani.

Na ina tabia ya ajabu. Mwaka 2017 wanasayansi walitoa utafiti walioufanya kwenye miti 256 ya aina hiyo katika mabara matano, wakakuta inainamia ikweta. Iliyoko kusini ya ikweta inaelekea kaskazini, iliyoko kaskazini inaelekea kusini, kwa wastani nyuzi 8 na zaidi kidogo. Kadiri ilivyo mbali na ikweta ndivyo inavyoinama zaidi. Sisi Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini, kwa hiyo wa kwako hautakuwa umeinama kupindukia. Usiuegemeze kitu. Ila kama udongo umepasuka upande wa pili wa shina au mizizi inanyanyuka, hiyo ni habari nyingine, niambie mara moja.

Bi Mwanaidi, Kigamboni

Udongo hauna ufa. Leo mume wangu atanisikiliza mimi.

Neema wa Upanga

Samahanini nadandia. Mimi nakaa ghorofa ya tatu, ninao mdogo kwenye chungu sebuleni, karibu na dirisha. Unapukutisha vijani vya chini na unalala upande wa dirisha. Maji nampa kila siku.

Mzee Kitalu, Boko

Punguza maji, binti yangu. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, kukiwa na unyevu usimwagilie. Chungu kiwe na matundu, na sahani ya chini isikae na maji. Kizungushe robo kila wiki usilalie upande mmoja, na usiuweke mkabala na kiyoyozi, upepo ule unakausha kuliko jua. Hesabu pia mashina. Mara nyingi miche mitatu minne inapandwa pamoja ili ionekane imejaa, kisha inanyang'anyana mizizi. Ukikuta hivyo, usiwe na haraka ya kuitenganisha, mizizi yake haipendi kuvurugwa. Kata iliyo dhaifu usawa wa udongo, ubakishe mmoja.

Mtu wa Mlalo

Mzee, nimesoma yote, nakubali kuhusu sabuni. Lakini ile saipresi ya manjano, iliyokaa umbo la yai, wanaipanda sana kwenye mageti ya Goba na Madale. Hiyo nayo unaionaje?

Mzee Kitalu, Boko

Hiyo ni thuja ya Mashariki, na si ya manjano zote. Asili yake China, inastahimili jua na ukame. Tatizo lake Dar ni kupandwa imebanana. Ndani hapapiti hewa, masika inaozea humo, na utitiri mwekundu unahamia wakati wa kiangazi. Ipandeni kwa nafasi. Na msiinyoe mpaka kwenye mti mkavu wa ndani, haichipui hapo, mtabaki na tundu la kahawia. Sina mengi ya kuisifia.

Mama Shani, Kunduchi

Wadau, nimerudi na taarifa, samahani nilikaa kimya.

Kijana wa panga hakuja. Baba Shani alisoma maelezo ya mzee kwenye simu yangu mwanzo mpaka mwisho, akanyamaza, akaniuliza tu "huyu mzee ni nani?" Nikajua nimeshinda. Picha kutoka nguzo hadi mita tumezipiga, na maombi ya kuhamisha waya tumepeleka. Tunangoja waje wapime.

Mama mkwe nilimwambia maji ya sabuni yanaua mti alioupenda. Alisema "basi mbona hamkuniambia?" na yeye ndiye aliyemsimamia dada kuchimba mfereji. Maji sasa yanakwenda nyuma, kwenye migomba.

Sahani zile nimefanya. Ya kisima imebaki na utando mweupe unaokwaruzika kwa ukucha, ya DAWASA karibu hamna kitu. Mvua za mwanzo za vuli zimeshadondoka, pipa limejaa mara kadhaa. Matawi yaliyokufa nimekata. Chini pamebaki wazi kidogo, panaonekana shina, lakini hakuna tawi jipya lililoanza kukauka tangu tuhamishe maji.

Kwenye kifusi ndiko nina swali. Nimefukua, nimetoa matofali, mabati, na kandambili ya fundi. Halafu nimekuta mfuko mzima wa saruji ulioganda, umekaa kama hatua moja kutoka shinani, na mzizi mnene umepita juu yake. Nifanye nini, niuvunje?

Mzee Kitalu, Boko

Usiuvunje kwa nyundo, kishindo kitachana mizizi midogo usiyoiona. Fukua kwanza pembeni na chini yake uone umefika wapi. Kama unaweza kuteleza kutoka kwa upande bila kuusukuma mzizi, utoeni watu wawili. Ukigoma, uache palepale, zungushia udongo mpya na samadi, mzizi utautafuta huo wenyewe.

Mzizi uliokuwa wazi usiuache juani hata nusu saa, ufunike gunia lililolowa wakati mnafanya kazi. Kwaruza ganda lake kidogo kwa ukucha. Ukiuona mweupe na una maji, uko hai, fukia. Ukiuona mweusi na unabonyea, ukate mpaka ufike kwenye mweupe, kisha nitumie picha kabla hujarudishia udongo.